Kata Yangu na Sumaku ya Mjomba

Mimi nikifurahi huongea sana, nikiongea sana hujisifu, na nikijisifu hapakosi jambo la kunipata. Mke wangu anasema ningezaliwa bubu leo tungekuwa na ghorofa. Anasema tu, maana anajua mwenyewe kwamba huyo bubu asingemuoa. Basi nieleze jinsi nilivyoponea chupuchupu kumkosa mwanamke huyu kwa sababu ya mdomo wangu, nyundo yangu, na sumaku ndogo iliyong'olewa kwenye spika ya redio.

Nilikuwa fundi wa stenlesi pale Majengo. Kwetu ni Sanya Juu, ila kazi ilinishusha mjini nikiwa kijana, nikapanga chumba nyuma ya karakana ya mzee mmoja wa Kiislamu ambaye wote tulimwita Fundi, basi, kana kwamba wengine tulikuwa wapita njia. Mzee wa maneno machache na kikohozi kingi. Alinifundisha kukata bati, kulikunja, kulichomelea na kuling'arisha mpaka mtu ajione meno. Tulitengeneza masinki, meza za jikoni za hoteli, keni za maziwa, na vitu vingine ambavyo wateja walivichora kwenye karatasi ya sigara na kutuachia tuhangaike navyo.

Keni ndiyo iliyoniletea mchumba. Yeye alikuwa anapokea maziwa kwenye kituo kimoja huko juu, ukishapita Kwa Sadala unaendelea kupanda. Siku moja akashuka na keni iliyong'oka mkono.

"Kaka, hii mnaweza?"

"Dada," nikamwambia, "hata ingekuwa imekaliwa na ng'ombe mwenye mimba, mimi naiweza."

Akaniangalia kutoka kwenye kofia hadi kwenye kandambili. "Sijauliza habari za ng'ombe."

Aisee! Niliutengeneza ule mkono vizuri kuliko mkono wowote niliowahi kutengeneza, halafu nikamwomba arudi baada ya wiki niukague. Akarudi. Nikaukagua. Nikamwambia keni ya namna hii inahitaji kukaguliwa kila wiki. Baada ya miezi mitatu Fundi akanifuata, akakohoa, akasema, "Huyo binti wa keni, ama umuoe, ama umuuzie keni mpya." Nikachagua la kwanza.

Sasa kwetu Uchaggani mambo ya posa hayaendi mikono mitupu. Wazee wa kijana wanapanda na mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, wanaifikisha kwa wazee wa binti. Wakiipokea na kuinywa, mmesikilizwa. Wasipoinywa, hata mkikaa pale mpaka jioni mkila ndizi na nyama, hamjaja. Kwa hiyo siku hiyo macho yote huwa kwenye mbege.

Mimi kichwa changu kikaniambia, wewe ni fundi bwana, mbege yako itachotwaje na kata ya kibuyu kama ya kila mtu? Nikaamua kutengeneza kata ya stenlesi. Mama yangu aliposikia alishika kiuno.

"Kata ni ya kibuyu."

"Mama, tunaishi zama gani?"

"Zama za kata ya kibuyu," akasema, na akaendelea kuchambua ulezi.

Sikumsikiliza. Nikachukua kipande kizuri cha bati kilichobaki kwenye kazi ya sinki. Fundi akanipa onyo moja tu: "Usichomelee. Mbege ina uchachu, na kiungo kilichounguzwa ovyo ndicho kinachoanza kuota kutu. Itoe kwenye kipande kimoja." Basi nikaanza kugonga. Nililaza bati juu ya gogo lenye shimo, nikaligonga likiwa baridi, taratibu, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka likaanza kutoa tumbo. Mpini nao nikautoa kwenye bati hilo hilo, nikaupiga mpaka ukawa mwembamba, mrefu, una mkunjo wa ndoano mwishoni wa kuning'inizia.

Wiki ya kwanza bati lilikubali. Wiki ya pili likaanza ubishi. Nyundo ilikuwa inaruka kama imetukanwa. Fundi akapita, akaligusa, akasema, "Limechoka. Lipashe moto lipumzike, ndiyo uendelee." Mimi nikakataa. Nilijua moto ungeliondolea ule ugumu, na ugumu ndio niliokuwa naupenda! Kila nyundo iliyoshuka ilikuwa inaniongezea nguvu ya bure, ningeiachaje? Nikavumilia hivyo hivyo hadi wiki ya tatu. Siku niliyoimaliza, niliweka mpini juu ya matofali mawili nikaukalia, na mimi si mwepesi. Haukupinda hata kidogo. Nilicheza peke yangu ndani ya karakana, kata mkononi, mpaka mwanafunzi wa shule jirani akasimama dirishani kuniangalia.

Siku ya posa ikafika, Jumamosi. Tukapanda na wazee wangu, pipa la mbege nyuma ya gari, mimi nimeipakata kata iliyofungwa kwenye kanga mpya kama mtoto wa ubatizo. Kwao ni nyumba yenye migomba mpaka mlangoni na ng'ombe wawili nyuma. Mzee wa kanisa akaomba, tukaitikia, tukaketi. Baba yake mchumba wangu, mtu mpole, alikaa katikati. Pembeni yake alikaa mjomba wa binti, kaka wa mama yake, mzee wa sweta nzito kwenye jua la saa sita. Nilikuwa nimeambiwa kwamba katika familia hiyo hakinunuliwi kitu cha jikoni, hata kijiko cha chai, bila mjomba kukipitisha. Nikacheka. Nilijua chombo changu kitampendeza.

Mshenga wetu akamaliza maneno yake. Ningenyamaza hapo, ningekuwa nimeoa wiki moja mapema. Lakini wapi! Nikasimama, nikaifungua kanga, nikaiinua kata juu. Jua likaipiga, akina mama wakasema, "Heee!" Nami nikapandwa na mashetani ya sifa.

"Wazee wangu," nikasema, "kata hii nimeigonga kwa mikono yangu. Ni stenlesi tupu. Haishiki kutu, na haipindi. Na neno langu kwa binti yenu ni kama kata hii."

Vigelegele. Mjomba akasubiri viishe. Kisha akainuka, akaingiza mkono mfukoni mwa sweta, akatoa kamba ya kiatu. Mwisho wa kamba ilining'inia sumaku, ndogo, nyeusi, ya mviringo. Akaisogeza kwenye tumbo la kata.

Tak!

Ikashika. Akaibandua, akaisogeza kwenye shingo, pale mpini unapoanzia. Tak! Ikashika zaidi.

"Feki," akasema mjomba.

"Haiwezekani, mzee wangu. Nimeikata mwenyewe kwenye bati la..."

"Haiwezekani?" Akanikaribia. "Kijana, umenisahau. Miaka minne iliyopita nilikuja karakana kwenu, pale Majengo, na sufuria yangu imepata kutu. Alikuwepo kijana mmoja ana kofia ya bluu, mdomo kama cherehani. Akachukua sumaku mezani, akanipa mkononi, sumaku hii hii unayoiona. Akaniambia, 'Mzee, popote uendapo, gusa na hii. Ikishika, si stenlesi, na aliyekuuzia ni mwizi.' Tangu siku hiyo sijanunua kitu bila kugusa. Huyo kijana ni wewe."

Jamani! Ile kofia ya bluu nilikuwa nimeiacha kwenye gari. Watu wakaangua kicheko, hata wazee wangu, hata mzee wa kanisa akafunika mdomo na Biblia. Mimi mwenyewe nilicheka kidogo, kwa woga. Kisha kicheko kikaisha, kila mtu akakumbuka nilichokuwa nimesema dakika mbili zilizopita, kwamba neno langu ni kama kata hii.

Baba wa binti akaliangalia pipa, akaniangalia mimi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. "Mbege hii hatutaigusa leo," akasema. "Njooni Jumamosi ijayo, na mje na jibu."

Tukashuka na pipa letu limejaa. Hakuna safari ndefu kama ya kurudi na mbege ambayo haijanywewa. Pipa lilikuwa linacheza nyuma ya gari, chwa chwa chwa, njia nzima. Kabla hatujafika barabara ya lami simu yangu ikatoa mlio. Ni mchumba wangu ameandika: "Ni feki?" Nikajibu haraka, "Si feki, naapa." Akaandika, "Sitaki naapa. Thibitisha." Nikasubiri aongeze neno la mahaba. Hakuongeza.

Jumatatu asubuhi na mapema nikamweleza Fundi kila kitu. Alicheka mpaka kikohozi kikamtupa kwenye kiti.

"Ulimwambia hivyo? Kwamba ikishika ni mwizi?"

"Si ndivyo ilivyo?"

"Nani alikuambia?"

Nikafikiri. Nilisikia tu. Mafundi wote wa mtaa ule wanasema hivyo, na wateja wanapenda kusikia. Fundi akachukua sumaku yetu, akaisogeza kwenye bati jipya lililoegemea ukuta. Haikushika. Akaisogeza kwenye kipembe cha bati kilichobaki nilipokata kata yangu. Haikushika vilevile. Nikapiga kelele, "Umeona! Umeona!" Akaninyamazisha kwa kidole. Akakilaza kile kipembe kwenye chuma, akakichapa nyundo kama mara arobaini, nusu yake tu. Akasogeza sumaku. Nusu ambayo haikuguswa ikaikataa. Nusu iliyochapwa ikaivuta, taratibu, halafu tak.

Nilikaa chini sakafuni. Naapa nilikaa chini.

"Ndani ya bati kuna chembechembe," Fundi akasema, na hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia kwa mkupuo mmoja. "Likitoka kiwandani zimekaa kwa nafasi, kama watu kanisani kwenu wakati wa ibada ya kwanza. Ukilichapa baridi unawasukuma, wanabanana kwenye mabenchi, wengine inabidi wabadilishe mkao kabisa. Hao waliobadilisha mkao ndio sumaku inaowashika. Na kule kubanana ndiko ugumu uliokuwa unaukalia kwenye matofali. Ni kitu kimoja. Bati ni lile lile, halijaingiwa na uchafu wala na feki. Na zipo stenlesi nyingine zinashika tangu kiwandani, na ni stenlesi halali."

"Kwa nini hukunifundisha siku zote hizi?"

"Uliniuliza lini? Wewe si unaongea tu?"

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na yeye hakunipa. Akanieleza dawa. Niipashe kata moto wa mkaa mpaka ifike rangi ya chungwa lililoiva, kisha niichovye kwenye maji mengi mara moja, isipoe polepole maana ikizembea njiani itaota kutu baadaye. Chembe zitarudi kwenye nafasi zake, na sumaku itaachia.

Nikamrukia kumkumbatia. Akanizuia na nyundo.

"Sikiliza mwisho. Itaachia sumaku, na itaachia nguvu pia. Ile uliyoipenda yote. Itakuwa laini. Huwezi kubaki na vyote viwili."

Wiki hiyo nzima nilikuwa kama mtu mwenye homa ya furaha. Nilikuwa na jibu! Niliwaambia majirani, nikamwambia muuza mihogo, nikasimamisha bodaboda mmoja nimweleze habari za chembe, akaniuliza kama napanda au sipandi. Nilipanga kumaliza mambo kwa kipembe tu, bila kuigusa kata yangu. Mama yangu, ambaye ilibidi apike mbege nyingine kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa imechacha, alikoroga bila kuniangalia. "Ya kibuyu ingekuwa imeshanywewa," akasema.

Jumamosi ya pili tukapanda tena: wazee wangu, pipa, kata, na mimi nina jiko la mkaa lenye feni ya kuzungusha kwa mkono, koleo, nyundo na karai kubwa. Majirani wa kwao walikuwa wamejaa uani kuliko siku ya kwanza. Habari za sumaku zilikuwa zimetembea mgombani zikafika mpaka kanisani. Mjomba alikuwa amevaa sweta ile ile.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Jibu liko wapi?"

Nikatoa kipembe kingine cha bati lile lile, ambacho hakijaguswa na nyundo. Nikakipitisha kwa wazee wakiguse na sumaku: haikushika. Nikakichapa mbele yao jasho likinitoka, nikakipitisha tena: ikashika. Minong'ono ikaanza. Baba wa binti akainama kuangalia. Nikajua nimeshinda, nikaanza kutabasamu kwa meno yote.

"Hicho ni kipembe," mjomba akasema. "Nimeona. Lakini sikukiita kipembe feki. Niliita kata."

"Ni bati moja, mjomba."

"Unasema wewe. Na ulishaniambia mambo mengine wewe."

Nani angembishia? Nikaiangalia kata yangu. Wiki tatu za kugonga, ule mng'aro, ule mpini nilioukalia! Ningeiweka kwenye moto ingetoka nyeusi na laini, na mbele ya watu wote hawa nilikuwa nimesema haipindi. Nisingeiweka, ningeshuka na pipa mara ya pili, na sidhani kama kungekuwa na Jumamosi ya tatu. Nakiri nilisita. Nilisita kwa ajili ya kijiko kikubwa, mjinga mimi.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Mchumba wangu, ambaye siku kama hiyo hatakiwi kuonekana mpaka aitwe, akatoka na kitenge chake kizuri, akapita katikati ya wazee, akachuchumaa kwenye jiko langu la mkaa, akashika mpini wa feni.

"Choma," akaniambia.

"Itaharibika."

"Unaoa mimi au unaoa kata? Choma."

Akaanza kuzungusha. Cheche zikaruka, shangazi zake wakapiga kelele kuhusu kitenge, yeye hakuacha. Nikailaza kata kwenye makaa. Ilianza kuwa njano kama majani makavu, ikawa ya zambarau, ikawa ya bluu, ikafifia ikawa ya kijivu, kisha ikaanza kuwaka kutoka ndani, nyekundu, na yeye akizungusha, mpaka tumbo, shingo na mpini vikafika rangi ya chungwa. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu akitikisa kichwa.

"Ukichovya majini itakuwa ngumu zaidi. Kila aliyeona jembe likifuliwa anajua."

"Jembe ni jembe, mjomba. Hii ina tabia yake."

Nikaikamata na koleo, nikaizamisha kwenye karai. Chwaaaa! Mvuke ukanifunika, ng'ombe wakaruka bandani, mtu akasema haleluya. Nilipoitoa ilikuwa nyeusi tii, mbaya, haina uso. Nikaifuta kwa shati langu la posa, nikamkabidhi mjomba mikono miwili.

Akasogeza sumaku kwenye tumbo. Hakuna. Akasogeza kwenye shingo, pale ilipokuwa imeng'ang'ania wiki iliyopita. Hakuna. Akaiachia ining'inie kwenye kamba yake, ikapita karibu na kata kama mtu anayempita asiyemjua. Akaanza upya, ndani, nje, mpini, ndoano, kila mahali. Akaibana kwa kidole gumba, akaondoa kidole. Sumaku ikateleza, ikadondoka.

Lilikuwa kundi la watu wazima na Walutheri, lakini kelele iliyotoka pale sijawahi kuisikia hata Krismasi. Mama yangu, yule wa kibuyu, ndiye aliyeanza vigelegele. Mimi nilikuwa narukaruka na koleo mkononi. Katikati ya fujo nikaona mjomba hayupo.

Alikuwa ameenda kwenye uzio. Akarudi na jani la isale, refu, bichi, amelifunga fundo. Kelele zikakatika zenyewe. Kwetu mtu akikuletea isale anakuomba msamaha, na ukiletewa huwezi kukataa, hata kama amekuchomea nyumba. Na mzee wa umri wake kumletea kijana kama mimi, loh, niliona aibu mpaka masikioni.

"Nimekuita mwongo mbele ya watu," akasema. Kisha sauti ikapungua. "Na si wewe peke yako. Yuko mama mmoja anauza sufuria sokoni Kwa Sadala. Nilimgusia sufuria zake zote na hii, nikamwita mwizi mbele ya wateja wake."

Nikapiga magoti. "Mjomba, isale hili tulishike wote wawili. Sumaku nilikupa mimi, na maneno nilikupa mimi, na nilikuwa sijui ninachosema." Ni mara chache sana nimewahi kusema sentensi hiyo ya mwisho, na mke wangu anadai ndipo alipokubali kuolewa moyoni, hizo nyingine zilikuwa taratibu tu. Siku ya soko tulienda mimi na mjomba na isale jingine kwa yule mama wa sufuria. Alilipokea, akatusamehe, halafu akatufokea nusu saa nzima kwa sababu msamaha hauzuii kufoka.

Lakini siku ile bado kulikuwa na pipa. Baba wa binti akasema, "Basi, chota." Nikaikamata ile kata nyeusi, nikaizamisha kwenye mbege, nikaiinua imejaa kwa mbwembwe zote. Mpini ukaenda chini taratibu, bila haraka, kama mtu anayesujudu, na mbege yote ikamwagika kwenye viatu vya mjomba.

Heee! Watu walilala chini kwa kicheko. Mjomba alicheka mpaka akavua sweta, jambo ambalo nasikia halikuwa limetokea tangu mvua za mwaka fulani. Ni baba wa binti tu ambaye hakucheka sana. Akachota tena mwenyewe, akiipakata kata kwa viganja viwili chini ya tumbo lake ili isipinde, na kabla ya kunywa akaniuliza:

"Uliniambia neno lako ni kama kata hii. Sasa imepinda. Unasemaje?"

Kwa mara ya kwanza maishani nilifikiri kabla ya kujibu. "Linapinda, baba. Ila halikatiki."

Akaniangalia, akaangalia pale mpini ulipopinda bila hata ufa. Akanywa.

Kata tulipewa tuondoke nayo tulipooana. Miaka mingi imepita na bado tunaitumia, maana mke wangu hataki nyingine. Ilikuwa inapinda kila sherehe: ubatizo wa mtoto wa kwanza imepinda, wa pili imepinda, kila Krismasi imepinda. Kila ikipinda naipeleka kwenye ngazi ya mlango naigonga shingo mpaka inyooke, yeye akiwa amesimama pembeni ananielekeza kana kwamba fundi ni yeye. Mpaka ikaacha kupinda. Sijui ni lini hasa; siku moja tuligundua tu kwamba tunachota pipa zima na mpini umesimama.

Krismasi iliyopita mjomba alikuja kwetu. Amezeeka, anatembea na fimbo, sweta ni nyingine lakini nene vilevile. Tulipoleta mbege akaiona kata mkononi mwa mke wangu. Akaingiza mkono mfukoni. Watoto wangu, ambao hadithi hii wameisikia mpaka wameichoka, wakasogea karibu wote. Akaisogeza ile sumaku kwenye tumbo: hakuna. Akaipandisha kwenye shingo, pale nilipokuwa nimegonga na kugonga miaka yote hiyo.

Tak!

Mjomba akaniangalia mimi, akamwangalia mke wangu, akatuangalia tena wote wawili.

"Feki," akasema, na machozi ya kicheko yakamtoka.

Nikanyoosha mkono niibandue nimrudishie. Akanipiga kidoleni. Akaitoa ile kamba ya kiatu, akaikunja, akaitia mfukoni, na sumaku akaiacha pale pale shingoni. Mke wangu akazamisha kata, akaiinua imejaa, akamkabidhi mjomba, na halikumwagika hata tone.